Mbu ni Mnyama?

Swali lilikuwa fupi, la kuzungushia herufi. Kipi kati ya viumbe hivi si mnyama: (a) mbuzi (b) kuku (c) mbu (d) muhogo. Mtoto wa darasa la tano akazungushia herufi tatu: kuku, mbu na muhogo. Akamwacha mbuzi peke yake.

Akakosa.

Madaftari yaliporudishwa alinyoosha mkono. "Mwalimu, mbu si mdudu?" Darasa likacheka. Mwalimu akamjibu, bila ukali, kwamba mdudu naye ni mnyama. Mtoto akakaa, akafuta jibu lake, akaacha herufi moja kama wenzake. Habari ya kuku hakuiuliza.

Kufuta kule ndiko kulikonikaa kichwani wiki hizi zote. Kwa Kiswahili kinachosemwa nyumbani kwake, sokoni na njiani, mtoto yule hakukosea popote. Mbuzi ni mnyama. Kuku ni ndege, au ni kuku tu. Mbu ni mdudu. Muhogo ni muhogo. Alikuwa na uainishaji wake kamili, wenye mantiki, akautumia kwa uaminifu. Somo likamfundisha auweke kando bila kumwambia sababu.

## Maneno yenye wenyewe

Tunapoingia darasani na mada za seli, makundi ya viumbe na mfumo ikolojia, tunadhani tunampelekea mtoto maneno mapya. Machache ni mapya kweli. Mnyama, mdudu, kiini, ukuta, utando, kuoza: haya yote ameyakuta nyumbani, na kila moja lina mwenyewe.

Mnyama, kwa maneno ya kila siku, ana miguu minne na manyoya, awe wa zizini au wa porini. Samaki si mnyama. Nyoka ni nyoka. Mtu ni mtu, na kumwita mtu mnyama ni tusi linaloweza kuleta ugomvi. Ndiyo maana sentensi "binadamu yumo katika himaya ya wanyama", yaani katika kundi lao kuu, humgusa mtoto mahali ambapo kitabu hakikukusudia. Wengine huipeleka nyumbani jioni ileile, na kesho yake mzazi yuko mlangoni anataka maelezo.

Dawa yake ni kuziacha maana zote mbili ziishi, kila moja mahali pake. Gawa ubao kwa mstari. Upande mmoja andika "mnyama kwa maana ya kila siku", upande wa pili "mnyama kwa maana ya sayansi". Upande wa kwanza waachie watoto waujaze wenyewe, wabishane. Upande wa pili weka masharti matatu: hawezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hivyo hula viumbe wengine au mabaki yao, mwili wake una seli nyingi zisizo na kuta, hujongea, japo kwa kipindi fulani tu cha maisha yake. Kisha mpitisheni mbuzi. Mpitisheni mbu. Upitisheni muhogo, uangukie sharti la kwanza.

Neno mdudu lina mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu nyumbani hubeba karibu kila kitu kidogo kinachotambaa au kuuma: nge, buibui, kupe, jongoo, tandu, hata minyoo, hata vile vijidudu vya tumboni visivyoonekana. Kitabu kinataka miguu 6, mwili wa sehemu tatu na papasio mbili. Waambie watoto wakusanye wadudu waliokufa chini ya taa ya usiku, wawalete ndani ya kiberiti kitupu, wahesabu miguu. Hapo makosa mawili hujitokeza kila mara. La kwanza, huhesabu papasio kuwa miguu, mdudu akawa na 8. La pili, kwa nge huhesabu yale makoleo ya mbele, na kwa buibui vile viungo vifupi viwili vilivyo karibu na mdomo, wakapata 10 badala ya 8. Kanuni ya kuwapa ni ya kuangalia mahali, kabla ya idadi: mguu wa mdudu huanzia sehemu ya kati ya mwili, kifuani. Kinachoanzia kichwani si mguu.

Akitokea mtoto aliyeleta kupe mchanga sana mwenye miguu 6, msimkatalie. Kupe aliyetoka kuanguliwa ana miguu 6 kweli. Jozi ya nne huja baada ya kujivua ngozi.

## Tuanzie wapi?

Mazoea ni kuanza na kidogo kwenda kikubwa: seli, kisha makundi, kisha mazingira. Kwa mtu mzima mpangilio huo unaridhisha. Kwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja unaanza na kitu asichokiona, chenye jina lisilo na picha kichwani.

Nimelipinga wazo la kugeuza mpangilio kwa muda mrefu, kwa sababu moja ya haki: lile sharti la pili la mnyama linahitaji seli. Ukianza nje, utafika mahali ukwame. Lakini sasa naona kukwama kule ndiko kunakompa mtoto haja ya seli. Akishauliza kwa nini uyoga si mmea na hakuna jibu la macho matupu, hadubini inakuwa na kazi. Kabla ya hapo ni chombo cha kupanga foleni.

Kwa hiyo anza uwanjani. Kamba ya mita 4 na vijiti 4 vinatoa mraba wa mita 1 kila upande. Weka mmoja chini ya mwembe, mwingine pale watoto wanapochezea mpira. Dakika 15, kila kundi liandike linachokiona kwa jina wanalolijua, hata kama ni la Kisukuma au Kigiriama. Jiwe ligeuzwe kwa kijiti, ukingo wa mbali ukivutwa kuelekea kwako, ili nge au nyoka akitoka atokee upande usiosimama. Hakuna mkono chini ya jiwe wala ndani ya shimo.

Mraba wa uwanjani utakuwa na orodha fupi, nao watoto watasikitika. Waache wasikitike kidogo. Tofauti ya orodha mbili zilizotenganishwa na hatua thelathini ndiyo mwanzo wa mfumo ikolojia: kivuli, unyevu, majani yaliyoanguka, miguu inayokanyaga.

## Kiini cha yai

Tukirudi ndani, neno seli lenyewe tayari limewahi kupita masikioni mwao mara mbili. Wamelisikia katika seli kavu, ile betri ya tochi, kwenye mada ya umeme ya somo hilohilo la sayansi. Na wamelisikia katika selimundu.

Selimundu ni mlango mzuri. Mundu wanaujua, chembe nyekundu ya damu inapopinda kama mundu, jina linachora umbo lenyewe. Kwa neno moja mtoto anajua kwamba seli ina umbo, kwamba ziko nyingi, na kwamba zimo ndani yake. Tahadhari ni moja: darasani huenda yuko mtoto anayeishi na ugonjwa huo. Usiulize nani ana ndugu mwenye selimundu, usimtazame mtu yeyote unapolisema.

Tatizo linaanza kwenye kiini. Mchoro wa seli ya mnyama ubaoni ni duara lenye duara dogo katikati, na kila mtoto anaona yai la kukaanga. Halafu mwalimu anasema lile la katikati linaitwa kiini. Imekwisha: kiini cha seli ni kama kiini cha yai, laini, cha njano, akiba ya chakula.

Ukweli wa yai ni mzuri kuliko mfano huo. Yai la kuku lisilorutubishwa, ile sehemu yote ya njano tunayoiita kiini, ni seli moja nzima. Ute mweupe na ganda huongezwa baadaye, njiani, yai likiwa linashuka ndani ya kuku. Na kiini cha seli hiyo, kile chenye maelekezo ya urithi, kimo ndani ya doa jeupe dogo juu ya uso wa njano, la upana wa milimita chache tu. Pasua yai moja kwenye sahani na uwaonyeshe doa hilo. Likikosekana juu, geuza njano taratibu kwa kijiko. Yai moja linatosha darasa zima, na baada ya hapo hakuna atakayechanganya viini viwili.

Wengine hutumia chungwa, wakionyesha vile vifuko vya maji ndani ya kipande na kuviita seli. Acha mfano huo. Kila kifuko kimejengwa kwa seli nyingi sana, na mtoto atakayeamini kwamba seli ni kitu cha kuchuma kwa kidole atapata shida ya ukubwa miaka yote.

Kuhusu ukubwa, viberiti vitupu havina mpinzani. Kila mtoto alete kimoja, atie ushanga mmoja ndani uwe kiini, kisha vyote vigundishwe ubavu kwa ubavu. Viberiti 60 ni kipande kidogo cha ngozi ya kitunguu. Seli ya kitunguu ina urefu wa kama milimita 0.3, kiberiti kina sentimita 5, yaani kimekuzwa mara 160 na zaidi. Kitunguu cha upana wa sentimita 6 kingekuzwa hivyo kingekuwa na mita 10, upana wa darasa na zaidi. Watembeze watoto hizo mita 10 kwa hatua. Ule ubishi wa "mwili wangu una seli moja", ambao hutokana na kuchora seli moja kwa kila ukurasa, huishia hapo.

## Kitunguu, bila kubahatisha

Chagua kitunguu maji chekundu. Ngozi nyembamba ya nje ya tabaka lenye rangi ya zambarau huonyesha seli bila kutiwa rangi yoyote, kwa sababu rangi imo ndani ya seli zenyewe. Ukitumia ngozi nyeupe ya ndani utahitaji iodini ya duka la dawa: matone 2 kwa matone 10 ya maji. Ikiwa nzito, kila kitu hugeuka kahawia na kiini hakionekani. Inatia doa vidole na shati la shule, kwa hiyo ashike mwalimu.

Kata kipande cha milimita 5 kwa 5, si zaidi. Vunja tabaka, uvute ngozi kwa kucha au kibano. Iwe nyembamba kama karatasi ya sigara na ipitishe mwanga. Ikiwa na nyama ya kitunguu imebaki nyuma yake, itupe uanze upya. Ilaze kwenye tone la maji juu ya slaidi bila mkunjo. Kioo cha kufunikia kisimame ukingoni kwa mshazari, kisha kilale polepole. Kikidondoshwa kwa ghafla kinanasa hewa.

Viputo hivyo vya hewa ndivyo huharibu kipindi. Ni duara kamilifu lenye ukingo mnene mweusi, linavutia jicho kuliko seli, na nusu ya darasa itachora kiputo na kukiandika "seli". Chora kiputo ubaoni kabla hawajaanza, kifutwe kwa mstari mwekundu. Chora pia ukuta wa matofali. Seli za kitunguu hupangana kama matofali.

Anza na lenzi ndogo kabisa. Shusha lenzi ukiwa unatazama kwa pembeni, karibu igusane na kioo, kisha weka jicho na upandishe taratibu hadi picha itulie. Anayetafuta picha kwa kushusha huvunja slaidi, na wakati mwingine lenzi. Hadubini ya kioo cha kuakisi mwanga ielekezwe kwenye anga jeupe la dirishani, kamwe si kwenye jua lenyewe. Mwanga ule unaweza kuunguza jicho.

Darasa la watoto 60 na hadubini moja ni hesabu ngumu: sekunde 20 kwa kila mmoja ni dakika 20 nzima, na mtoto asiyejua anachotafuta ataona kope zake mwenyewe. Gawa darasa mara tatu. Kundi moja kwenye hadubini, moja kwenye viberiti, moja na kioo cha kukuzia mara 10 wakiinua ngozi ya kitunguu chekundu kuelekea dirishani. Kwa kioo hicho mistari ya matofali huonekana, hafifu lakini kweli. Shule isiyo na hadubini isijione imekosa kila kitu.

Halafu litakuja swali, nalo ni zuri: "Mwalimu, ya kijani iko wapi?" Kitabu kimesema seli ya mmea ina kloroplasti, vile vichembe vya kijani vinavyotengeneza chakula. Kitunguu hakina, kwa sababu sehemu tunayokula hukaa bila mwanga na haitengenezi chakula; inakiweka akiba. Kata jani bichi la kitunguu hichohicho, au ukipate kikiwa kimechipua, ulinganishe. Mchoro wa kitabu umekusanya kila kiungo cha seli mahali pamoja. Seli halisi ina kile inachokifanyia kazi.

## Kiboko amelala

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo nadhani tumelikalia bila kulitumia. Kiswahili ni lugha ya ngeli, na mtoto anayekisema amekuwa akiainisha tangu alipoanza kuunda sentensi. Vitabu vya baiolojia navyo huliita kundi la mamalia, la ndege au la reptilia *ngeli*, neno lilelile la somo la jirani.

Andika ubaoni: kijiko, kikombe, kiti, kiboko. Kiboko ni yule wa mtoni, si fimbo. Waulize lipi halimo. Kwa sura, yote yanaanza na *ki*. Sasa wayaweke kwenye sentensi. Kijiko kimeanguka. Kikombe kimeanguka. Kiti kimeanguka. Kiboko... ameanguka. Hakuna mtoto atakayesema kimeanguka, na hakuna aliyemfundisha. Sura yake ni ya kijiko, tabia yake ni ya mtoto, ya mwalimu, ya simba. Vivyo hivyo kifaru, kipepeo, kinyonga.

Nyangumi ni kiboko wa namna hiyo. Sura ni ya samaki: mkia, mapezi, hana miguu. Lakini mweke kwenye sentensi za mwili wake. Anapumua kwa mapafu. Anazaa. Ananyonyesha. Upatanisho wake ni wa mamalia. Pomboo ni hivyo, nguva ni hivyo. Na popo, ambaye hadithi zetu zimemwacha akitangatanga kati ya ndege na wanyama, anapata kwao papo hapo: hana manyoya ya mbawa, ana nywele, ananyonyesha.

Na kama mtoto ataona aibu kwa kumweka nyangumi kwa samaki, mwambieni habari ya Carl Linnaeus, Mswidi ambaye majina ya kisayansi ya viumbe tunayatumia kwa mtindo wake hadi leo. Mwaka 1735 naye alimweka nyangumi kwa samaki. Mwaka 1758 akamhamishia kwa mamalia. (Wanasayansi wa sasa wamekwenda mbali zaidi: ndugu wa karibu kuliko wote wa nyangumi, kati ya waliopo nchi kavu, ni yuleyule kiboko.)

Somo la vitendo lifuate hapohapo: majani 8 na maswali ya ndiyo au hapana, kila swali likigawa rundo mara mbili mpaka kila jani libaki peke yake. Muhogo, mwembe, mpapai, mwarobaini, mchaichai, mkwaju, mgomba, mahindi. Swali la kwanza ambalo watoto hulipenda ni "ni kubwa?", nalo halifai, jani changa la mgomba ni dogo kuliko jani pevu la mwembe. Sura inayobadilika kwa umri ni kiambishi tu. Wasaidie kutafuta upatanisho: je, mishipa inakwenda sambamba? Je, jani limegawanyika vijani?

Mwarobaini utawasumbua. Watachuma kijani kimoja kidogo na kukiita jani. Jani ni bua lote pamoja na vijani vyake, na ushahidi upo pale bua linapoungana na tawi: kuna chipukizi. Kijani kidogo hakina chipukizi kwapani. Muhogo ni kinyume chake: unaonekana majani mengi, kumbe ni moja lenye vidole.

Sarufi ina mipaka yake, na ni haki kuisema mbele ya watoto. Tunasema mti umeota, tunasema uyoga umeota. Kiambishi kilekile, ukoo tofauti kabisa. Hapo lugha haitusaidii, tutarudi kwa hadubini.

## Huliwa na

Mpe mtoto achore mnyororo wa chakula wa nyasi, panzi, chura na nyoka, na mara nyingi mishale itaelekea nyuma: nyoka, mshale, chura. Ana sababu. Kichwani anasema "nyoka anamla chura", na mshale unamfuata mtendaji, kama kidole kinavyonyooka.

Unaweza kumweleza kwamba mshale unaonyesha nishati inakokwenda. Ni kweli, lakini nishati hajaiona. Njia fupi ni kauli ya kutendwa. Kila mshale usomwe "huliwa na". Nyasi huliwa na panzi. Panzi huliwa na chura. Chura huliwa na nyoka. Silabi moja katikati ya kitenzi, ambayo mtoto anaitumia tangu akiwa na miaka mitatu, inanyoosha mishale yote. Watakaokwenda kusoma kwa Kiingereza kidato cha kwanza watakuta kauli hiyo ikiwasubiri huko pia.

Nishati yenyewe ionyeshwe kwa maji. Chupa ya lita 1 ni nyasi. Mimina mililita 100 kwenye kikombe: hicho ndicho panzi wote walichobakiza miilini, na kilichosalia mwagia mche, ukieleza kwamba kimeishia kwenye joto, mwendo na kinyesi. Kutoka kikombeni chukua vijiko 2 vya chai, mililita 10: chura. Kutoka hapo matone kama 20, mililita 1: nyoka. Sehemu moja ya kumi ni wastani wa kukadiria, na viumbe hutofautiana. Lakini mtoto aliyeona matone yale hahitaji kukariri kwa nini simba ni wachache na nyumbu ni wengi.

Halafu vunja mnyororo wako mwenyewe, kwa kisa cha Serengeti.

Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki, ikaangamiza ng'ombe, nyati na nyumbu. Haikuondoka. Kwa miongo iliyofuata iliendelea kuua ndama wa nyumbu, mpaka ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walipochanjwa na ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu walikuwa kama robo milioni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Wakala nyasi. Nyasi zilizobaki hazikutosha kubeba moto mkubwa wa kiangazi. Mioto ikapungua, miche ikapona, miti ikaongezeka. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote.

Waulize watoto waandike sentensi moja ya kutendwa inayoanza na "Miti" na kuishia na "chanjo ya ng'ombe". *Miti iliokolewa na chanjo ya ng'ombe.* Hakuna mshale wa "huliwa na" unaoweza kuibeba sentensi hiyo, na ndiyo maana tunahitaji neno zito kama mfumo.

## Nani ameozesha?

Kila mtoto anajua tofauti ya "kikombe kimevunjika" na "nimekivunja kikombe". Sentensi ya kwanza ndiyo inayotumika mama akiingia jikoni. Inamficha mtendaji.

"Embe limeoza" ni sentensi ya namna hiyo. Kwa lugha ya kila siku vitu huoza vyenyewe, kwa kukaa. Ongeza silabi: oza, ozesha. Sasa lazima awepo mtu. Nani ameliozesha?

Chukua chupa 3 za maji, nyeupe, za nusu lita, na madonge 3 ya ugali yenye ukubwa wa gololi. La kwanza lianikwe juani siku 2 likauke kabisa. La pili liwe bichi, na kijiko kimoja cha chai cha maji. La tatu livingirishwe kwenye chumvi mpaka lifunikwe lote, kama samaki wa ng'onda. Fungeni, bandikeni utepe kwenye vifuniko, wekeni kivulini. Msitumie mkate wa dukani. Mara nyingi umetiwa dawa ya kuzuia kuvu na utawachelewesha wiki nzima. Kwenye joto la Pwani chupa ya pili huanza kuota kuvu ndani ya siku 3 hadi 5, na nyingine mbili hukaa. Muda ni uleule kwa zote tatu. Basi si muda ulioozesha ugali. Kuna mtenda, naye anahitaji maji. Chupa hazifunguliwi kamwe, hasa kama kuna mtoto mwenye pumu. Zikimaliza kazi zinakwenda shimo la taka zikiwa zimefungwa.

Mvua za kwanza zikinyesha, wapelekeni kwenye kichuguu. Mchwa humeza majani makavu na miti, na ndani ya kichuguu hukuza kuvu juu ya kile walichokitafuna. Kuvu hukivunja, mchwa hula. Mvua ikija, kuvu lilelile husukuma uyoga juu ya ardhi, ule ambao akina mama huuwahi asubuhi. Na kumbikumbi wanaotoka jioni na kuzunguka taa ni mchwa haohao, waliopewa mbawa waende kuanzisha vichuguu vingine. Watoto wengi wamewala kumbikumbi kwa miaka bila kuambiwa hilo.

Hapo ndipo lile swali la uyoga linaporudi na kudai hadubini. Uyoga umeota, hautembei, lakini hauna kloroplasti hata moja, na ukichambua uzi wake mweupe kwenye tone la maji utaona nyuzi ndefu, si matofali. Seli zake zina kuta, kama za mmea. Lakini kuta hizo zina khitini, dutu ileile iliyomo katika ganda la kamba na gamba la mbu. Kwa ukoo, uyoga uko karibu na mbu kuliko ulivyo karibu na muhogo.

Swali lile la mtihani ningeliandika hivi: *Mbuzi, kuku, mbu, muhogo, uyoga. (i) Wapange kama mnavyowapanga nyumbani. Alama 5. (ii) Wapange kwa himaya zao. Alama 5. (iii) Chagua kimoja kilichohama, ueleze kilichokihamisha. Alama 5.*